Baraka kwa Nani? Jina la Mtoto, Matumaini ya Mzazi na Mapendo ya Kikristo katika Kiswahili cha Kasongo na Kabambare

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuyatafuta matumaini ya mzazi kwa mwanawe katika wosia. Mfano unaotajwa kwanza ni utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika kisiwa cha Pate mnamo mwaka 1858, mama alipokuwa akimwusia binti yake. Hufuata Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili, ambazo Shaaban Robert aliwatungia binti yake na mwanawe wa kiume. Tungo hizi zina sifa moja ya pamoja ambayo haijatiliwa mkazo wa kutosha: katika kila mojawapo, mwana anayesemeshwa anadhaniwa kuwa amekwisha kupata akili, au ataipata karibuni, kiasi cha kuweza kusikia, kupima na kufuata. Wosia ni tumaini lililochelewa. Mzazi amekwisha kumwona mwanawe, naye anajua ni lipi la kuhofia.

Makala haya yanakusudia kuchunguza utungo unaoutangulia wosia, yaani jina analopewa mtoto mchanga. Jina hutungwa wakati mzazi hajui lolote juu ya mwana isipokuwa kwamba amezaliwa na kwamba angali hai. Kwa hiyo ndilo tamko tupu kabisa la matumaini. Uwanja wetu ni Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahali ambapo Kiswahili kimesemwa tangu enzi za misafara ya karne ya 19, na ambapo Ukristo na Uislamu vimekaa mtaa mmoja. Hoja yetu ni kwamba majina ya Kiswahili yenye maana ya kheri, kama vile Baraka, Neema, Tumaini, Riziki, Zawadi na Mapendo, hayawezi kuhakikiwa kwa kutazama maana ya neno peke yake. Hapana budi kuuliza pia ni nani aliyelitamka, na kheri inayotajwa ilikusudiwa kumfikia nani.

Je, jina ni utungo?

Huenda msomaji akapinga tangu mwanzo kwamba jina si fasihi, kwa kuwa ni fupi mno na halina fani. Pingamizi hili halina uzito mkubwa. Methali ni fupi, na hakuna anayeitoa katika fasihi. Maandishi ya kanga ni mafupi pia, na tena watu wa pwani huyaita jina la kanga. Linalofanya tamko kuwa utungo si urefu wake, bali ni kule kuchaguliwa miongoni mwa matamko mengine, kwa ajili ya hadhira, ili lisemwe tena na tena. Jina la mtoto linatimiza masharti hayo yote. Zaidi ya hayo, lina hali ambayo tungo nyingi hazina: anayesemwa hawezi kusikia, na wanaosikia sio wanaosemwa. Mama anapomwita mwanawe Mateso, mtoto haelewi. Wanaoelewa ni majirani, mawifi na mume. Jina humhusu mtoto, lakini kwa miaka ya kwanza huzungumza na wakubwa.

Kwa mtazamo huo, majina yanayosikika mara kwa mara katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo yanagawanyika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza hutazama nyuma na kusimulia yaliyompata mzazi: Shida, Mateso, Machozi, Tabu. Fungu la pili hutazama mbele, au hutazama juu kwa shukrani: Tumaini, Baraka, Neema, Furaha, Zawadi. Mgawanyo huu ni wa msaada, ila usichukuliwe kuwa ukuta. Jina la Vumilia ni amri inayotazama mbele, lakini hakuna anayeamriwa kuvumilia pasipo jambo lililokwisha kumpata. Kadhalika Tumaini ni jina la mtu aliyewahi kukaribia kukata tamaa. Wasomi wanaoyaita majina ya fungu la kwanza kuwa ya huzuni, na ya fungu la pili kuwa ya imani, wanaharakisha hukumu. Mara nyingi ni kisa kile kile kilichosimuliwa kutoka ncha mbili.

Kwamba kisa hicho kilikuwa cha kweli, wala si pambo la maneno, hilo linashuhudiwa na historia ya tiba ya mahali penyewe. Kasongo imejulikana katika maandiko ya afya ya jamii kwa sababu ya mradi ulioendeshwa huko na madaktari wa Zaire pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji. Mwaka 1981 wanamradi hao walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa watoto wa umri wa miezi 7 hadi 35, wakilinganisha waliochanjwa surua na wasiochanjwa. Swali lililowasumbua lilikuwa zito: je, mtoto aliyeokolewa na surua ameokolewa kweli, au ameahirishiwa tu kifo ambacho ugonjwa mwingine utakileta? Uchunguzi uliofanywa baadaye kwingineko Afrika uliipa chanjo hiyo nguvu zaidi kuliko watafiti hao walivyothubutu kusema. Lakini kwa mhakiki, swali lenyewe ndilo la maana. Ni swali la kila mzazi anayetoa jina: ameponea hili, je, na lile? Kumwita mtoto Tumaini mahali ambapo wataalamu wenyewe waliuliza hivyo si kurembesha.

Upendo, mapenzi na mapendo

Sasa tuligeukie neno lenyewe ambalo Wakristo wa Kongo hulitumia kwa upendo wa Kikristo, nalo ni mapendo. Kiswahili cha Tanzania na Kenya siku hizi huelekea kutumia upendo katika mahubiri na tafsiri. Si kwamba mapendo hayajulikani huko. Wakatoliki wa Tanzania wanayo sala ya mapendo, sambamba na sala za imani na matumaini. Ila Kongo ndiko neno hili lilikobaki kuwa la kila siku, la kanisani na la nyumbani, na ndiko lilikoenea sana kuwa jina la mtu.

Maneno matatu, yaani mapenzi, upendo na mapendo, yana mzizi mmoja, lakini hayafanyi kazi moja. Mapenzi yamegawanyika: upande mmoja ni hisia za wapendanao, upande mwingine, katika lugha ya kanisa, ni utashi wa Mungu. Upendo, kwa kiambishi chake cha u-, hukaa pamoja na wema, utu na uzuri. Ni sifa au hali. Mapendo, kwa kiambishi cha ma-, hukaa pamoja na matendo, malezi, matunzo na mazishi, maneno yanayotaja jambo linalofanywa na kurudiwa. Hatudai kwamba kila msemaji wa Kasongo huwazia ngeli anapolitamka neno hili. Tunadai tu kwamba lugha imeliweka karibu na malezi, na ujirani huo una maana. Wahenga wamesema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mtu anayemwita mtoto Mapendo ametumia neno ambalo umbo lake linaahidi kazi ya mikono kuliko hali ya moyo.

Ujirani huo wa uzazi na mapendo haukubaki katika sarufi. Katika mwaka 1953, huko Kolwezi, Katanga, padre Mfransisko Placide Tempels, aliyekwisha kujulikana kwa kitabu chake cha falsafa ya Kibantu cha mwaka 1945, alianza pamoja na wafanyakazi wa migodi na wake zao kundi lililokuja kuitwa Jamaa. Mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili, nayo yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Johannes Fabian, ambaye utafiti wake juu ya Jamaa ulichapishwa mwaka 1971, ameonyesha jinsi maneno hayo yalivyogeuka kuwa mfumo kamili wa fikira. Katanga si Maniema, wala hatusemi kwamba wazazi wa Kabambare waliiga Jamaa. Mfano huu unatufaa kwa sababu ni mahali ambapo wasemaji wa Kiswahili cha Kongo walikaa wakajadili waziwazi yale ambayo jina la mtoto husema kwa kuficha.

Mjadala huo ulikabili ugumu ambao wahakiki wa majina huukwepa. Ikiwa uzazi ni kilele cha matumaini ya mtu, na mapendo ya Kikristo hayabagui, basi aliye tasa asimame wapi? Jibu la Jamaa lilikuwa kuupanua uzazi: mume na mke humzaa mwingine kiroho wanapomwingiza katika mapendo yale yale, naye hubaki mwana wao. Maaskofu baadaye waliliwekea kundi hilo vizuizi, na hatuhitaji kuamua hapa ni nani aliyekuwa na haki. Hata hivyo jibu hilo lina mafunzo. Linatuambia kwamba mzazi anayetamani mtoto kwa ajili ya nafsi yake, ili apate wa kumlisha uzeeni na wa kumzika, hajafika bado kwenye mapendo. Mapendo huanza pale mtoto anapotakiwa kheri hata kama kheri hiyo haitarudi kwa mzazi.

Historia ya neno la kheri

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha suala. Majina tunayoyajadili ni ya Kiswahili, na Kiswahili hakikuingia Maniema kwa mahubiri. Kiliingia kwa njia ya misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji na kupita Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe, ikitafuta pembe na kuchukua watu. Jina la zamani la lahaja hiyo, Kingwana, linatokana na waungwana, yaani watu huru. Wengi waliojifunza lugha ya watu huru hawakuwa huru.

Utungo wa Kiswahili wa zamani unaoihusu sana nchi hii ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambayo Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, na ambayo W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanahistoria wameyasoma kwa ajili ya biashara na vita. Sisi tunaomba yasomwe pia kama masimulizi juu ya matumaini ya wazazi. Kisa cha Utetera kinajulikana. Mzee Kasongo Rushie alikuwa na ndugu wa kike waliotekwa zamani wakapelekwa mbali. Tippu Tip alipopata habari hiyo, alijitangaza kuwa ni mjukuu wa mmoja wao, naye akapokewa kama damu iliyorudi nyumbani na kukabidhiwa utawala.

Kwa kawaida kisa hiki husomwa kama ushahidi wa werevu. Lakini werevu huo ulishika nini? Ulishika kumbukumbu ya ukoo ambao haukuwa umewasahau mabinti wake waliotekwa, na ambao uliendelea kungoja uzao wao. Matumaini ya watu kwa wana waliopotea ndiyo yaliyofungua mlango, na aliyeingia alikuwa mwenye msafara, mtu wa biashara ile ile iliyokuwa ikiwapoteza wana wa wengine. Msimulizi hasikitiki wala hajutii. Anasimulia kwa ufasaha na kwa ucheshi. Kama tungo, ni kazi bora. Kama ushuhuda, inatuonya kwamba tumaini la mzazi ni kitu kinachoweza kutumiwa na wengine.

Onyo hilo linazidi nguvu tunapoyatazama majina. Katika pwani na katika misafara ya karne ya 19, majina ya bahati na kheri yalikuwa miongoni mwa majina waliyopewa watumwa: Baraka, Bahati, Feruzi, Almasi, Mabruki. Wasafiri wa Kizungu wameyaandika mara nyingi. Katika msafara wa Speke tu wamo Baraka, Mabruki, na Sidi Mubarak aliyejulikana zaidi kwa jina la Bombay. Mtu aliyenunuliwa aliitwa Baraka na mnunuzi. Baraka kwa nani? Ni dhahiri kwamba ilikuwa kwa bwana. Jina lile lilikuwa dua ya mmiliki kwa ajili ya mali yake.

Leo mama wa Kasongo anapompeleka mtoto kubatizwa kwa jina la Baraka, neno ni lile lile, herufi kwa herufi. Mhakiki anayeshughulika na maana ya kamusi peke yake hana njia ya kuyatenga majina hayo mawili. Lakini ni matamko yanayopingana. La kwanza humfanya mtu kuwa chombo cha kheri ya mwingine. La pili, likitamkwa kwa mapendo, humfanya kuwa mwenye kheri. Tunasema likitamkwa kwa mapendo, kwa sababu kuwa mzazi peke yake hakutoshi. Mzazi naye anaweza kumwita mwanawe Riziki akimaanisha riziki yangu. Hapo ameukaribia mkao wa bwana kuliko anavyodhani.

Serikali, kanisa na jirani Mwislamu

Swali la nani mwenye haki ya kutoa jina liliulizwa kwa sauti kubwa nchini Zaire mwaka 1972, pale siasa ya uhalisi ya Mobutu ilipopiga marufuku majina ya ubatizo ya kigeni. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa nje ya nchi kwa miezi kadhaa. Sheria ya mwaka 1973 iliimarisha marufuku hayo, na Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ikaendelea kuagiza majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa nchi. Baada ya mfumo wa chama kimoja kuachwa mwaka 1990, majina ya Kifaransa na ya watakatifu yalirudi waziwazi.

Katika hali hiyo, majina ya Kiswahili yalikuwa na nafasi ya pekee. Neema na Mapendo si majina ya kigeni, maana Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Wakati huo huo ni maneno ya imani kamili. Mtoto angeweza kuitwa kwa fadhila za Kikristo bila kuitwa kwa jina la Mzungu. Tusiseme kwamba kila mzazi aliyachagua kwa hila dhidi ya serikali. Inatosha kusema kwamba lugha ilikuwa na mahali pa kujisetiri, na watu walipajua.

Upo ujirani mwingine usioweza kuachwa. Mengi ya maneno haya, kama neema, baraka, imani, riziki na sifa, yana asili ya Kiarabu, nayo yalifika Maniema katika vinywa vya Waislamu. Kasongo ilikuwa, na ingali, mojawapo ya vituo vikuu vya Uislamu nchini Kongo, na ndiyo hiyo hiyo iliyofanywa makao ya vikarieti ya kitume mwaka 1952, na ya jimbo la Kikatoliki mwaka 1959. Matokeo yake yanaonekana katika majina ya watu wanaofahamika na wote. Emmanuel Ramazani Shadary, mzaliwa wa Maniema aliyegombea urais mwaka 2018, amebeba jina la Biblia na jina la mwezi wa saumu kwa wakati mmoja, na hakuna mtu wa Maniema anayeona ajabu. Kwa hiyo, tunapozungumza juu ya mapendo ya Kikristo katika Kiswahili cha huku, tunazungumza juu ya mapendo yanayotamkwa kwa maneno ambayo jirani Mwislamu anayaelewa, na ambayo aghalabu ni yake pia. Mathias Mnyampala alipoisimulia Injili kwa utenzi, fani iliyokuzwa na washairi Waislamu wa pwani, alifanya kwa makusudi yale ambayo mama wa Kabambare huyafanya kila anapotoa jina.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, jina la mtoto mchanga ni utungo wenye mtunzi, hadhira na muktadha, nalo linastahili uhakiki sawa na wosia. Pili, neno mapendo, kwa umbo lake na kwa mjadala wa uzima na uzazi uliolizunguka nchini Kongo, linaweka upendo wa Kikristo karibu na malezi. Tatu, maneno ya kheri ya Kiswahili yaliwahi kuwa majina ya watu waliomilikiwa, na kwa sababu hiyo hakuna jina la kheri lililo jema kwa maana yake peke yake.

Kutokana na hayo, lipo jambo la kutenda kwa walimu na wanafunzi. Orodha za majina zinazokusanywa katika madaftari ya ubatizo na ya uraia mara nyingi huandikwa kwa safu mbili, yaani jina na maana yake. Safu ya tatu inahitajika: alilitoa nani, katika tukio gani, na nani alikuwepo kulisikia. Bila safu hiyo, Baraka wa msafara na Baraka wa ubatizo wataandikwa katika mstari mmoja, na mhakiki atakuwa ameifuta tofauti iliyowagharimu watu wa Maniema vizazi kadhaa kuipata.

Vita ya 1964, ya 1996 hadi 1997, na ya 1998 hadi 2003 ziliwapitia wazazi wa Kasongo na Kabambare, na watoto walizaliwa ndani yake wakapewa majina. Baadhi waliitwa Mateso, na baadhi Tumaini. Mtafiti akikutana nao leo, wakiwa watu wazima, asiwahesabu tu. Awaulize wanalichukuliaje jina walilopewa kabla ya kujua kusema. Wosia hujibiwa kwa kufuatwa au kuvunjwa. Jina nalo hujibiwa, ila jibu lake huchukua umri mzima, na anayelitoa ni yule aliyeitwa, wala si yule aliyemwita.